Udhuru wa Dakta Mkwizu

Nchi yetu ina jina, lakini sitalitaja. Jina hilo lipo mezani kwa kamati ndogo inayochunguza kama jina linaweza kusimama kabla ya kitu chake kuthibitishwa, na mimi ni mwandishi wa vikao tu, sina ubavu wa kuitangulia kamati. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri, ina wimbo wa taifa wa beti sita, na kwamba kwetu kitu hakiwepo mpaka kipitishwe.

Kazi ya kupitisha ni ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kuwepo, ambako nimeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka kumi na moja. Taasisi ilianza hivi. Mheshimiwa Kiongozi alikuwa ziarani, akawaambia watu wa mtaa mmoja kwamba maji yapo. Mama mmoja akafungua bomba mbele yake na mbele ya kamera, bomba likakohoa vumbi. Nchi nyingine wangetengeneza bomba. Sisi tuliunda taasisi. Wataalamu walijifungia siku arobaini, wakatoka na waraka wa kurasa mia na nne uliothibitisha kwamba Mheshimiwa alisema kweli tupu. Maji yapo, ila yapo katika dunia-wezekano, yaani dunia nyingine inayofanana na yetu kwa kila kitu isipokuwa bomba. Yule mama alikamatwa baadaye, kwa kosa jingine kabisa.

Baada ya maji tulipitisha hospitali. Nilikuwepo siku ya ufunguzi. Palikuwa na uwanja wenye nyasi, utepe, na mkasi mpya juu ya sinia. Mkurugenzi wetu, Profesa Lwanda Kashinje, mtu mwenye sauti nzito na leso tatu, alisimama jukwaani akasema:

"Ndugu wananchi, msidanganywe na macho. Jicho huona kilichopo tu, na kilichopo ni sehemu ndogo sana ya kinachowezekana. Katika dunia jirani, hapo mliposimama ni wodi ya wazazi."

Watu walipiga makofi. Mama mmoja mjamzito akasogea pembeni, akihofu amesimama juu ya kitanda cha mtu.

Lakini kazi iliyompa Profesa nishani ni ile aliyoiita thamani ya tatu. Tangu zamani, wanamantiki wengi walishikilia kwamba kauli ama ni kweli, ama si kweli. Profesa aliona huo ni ukali usio na lazima. Akaongeza thamani nyingine katikati, akaiita "iko kwenye mchakato". Barabara imejengwa? Iko kwenye mchakato. Ahadi ilitolewa? Hilo nalo liko kwenye mchakato. Wizara ziliipokea kwa furaha kubwa, na ndani ya mwezi mmoja ofisi zote za serikali zilikuwa na muhuri wake.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Huyo ni Dakta Haruni Mkwizu, mtaalamu wetu wa mantiki. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye miguu inayovimba, kwa hiyo akiwa ofisini alivaa kandambili za bluu. Viatu vyake vyeusi alivipiga rangi kila Jumatatu na kuviweka chini ya meza, tayari kwa safari ya kwenda darasani. Katika kikao cha kuipitisha thamani ya tatu alinyoosha mkono, akaongea polepole kama kawaida yake.

"Ndugu Mwenyekiti, sina ugomvi na thamani ya tatu. Wenzetu duniani wanazo mantiki za thamani tatu, nne, hata zisizo na idadi, na zinafanya kazi nzuri. Ninauliza jambo dogo. Tukiandika kwamba barabara iko kwenye mchakato, je, ni kweli kwamba iko kwenye mchakato? Au na hilo nalo liko kwenye mchakato?"

Profesa akatoa leso ya kwanza, akafuta miwani. "Swali zuri," akasema. "Tumelichukua." Nami nikaandika: limechukuliwa. Kwetu swali likishachukuliwa halirudi, na nilidhani mambo yangeishia hapo.

Hayakuishia hapo. Wanafunzi wa Dakta walilipenda lile swali. Walilitoa nje ya lango, na wiki ile ile lilionekana ukutani sokoni, kwa chaki nyeupe, herufi za mkono wa haraka: *Je, mchakato nao uko kwenye mchakato?* Wauza nyanya wakalisoma. Wakawauliza watoza ushuru. Siku ya pili ukuta ulipakwa chokaa, na siku ya tatu swali likaandikwa juu ya chokaa.

Jumanne iliyofuata walikuja wanaume wawili waliopigwa pasi. Sisemi nguo zao, nasema wao. Nilikuwa mapokezi, kwa sababu siku za kikao hufanya kazi zote mbili. Niliwapa kitabu cha wageni, wakajaza bila ubishi. Kwenye jina, mmoja aliandika "Mwananchi" na wa pili akaandika "Mwananchi". Kwenye sababu ya kuja waliandika "Kikazi". Saa ya kuingia, saa nne na dakika tano asubuhi. Wakauliza chumba cha Dakta Mkwizu. Mimi nikanyoosha kidole. Ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu, nikasema, na nikaongeza karibuni sana.

Walishuka naye saa nne na dakika ishirini. Alikuwa katikati yao, na kandambili zake zikipiga ngazi, pa, pa, pa. Alipofika mezani kwangu alisimama, na wao wakasimama, maana hawakutarajia asimame.

"Mwandishi," akaniambia, "kikao cha leo sitakiwahi. Niandikie udhuru."

"Sababu ya udhuru, Dakta?"

Akawatazama wale wawili mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayewapa wanafunzi nafasi ya kujibu. "Wewe andika ulichokiona," akasema. Wakatoka. Nafasi ya saa ya kutoka hawakuijaza, kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu cha wageni bado wamo ndani ya jengo mpaka leo.

Mimi niliandika: *Dkt. H. Mkwizu, kwa udhuru.* Nilichokiona sikukiandika.

Hapa lazima nieleze kanuni yetu ya tisa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yaliegemea hapo. Baraza la Taasisi lina wajumbe saba, na akidi ni wajumbe watano. Wakipungua watano, kikao si kikao, na kila kilichopitishwa ni batili. Sasa wajumbe wetu husafiri mno kwenye makongamano, hivyo zamani tulitunga kanuni kwamba mjumbe ambaye udhuru wake umepokelewa atahesabiwa kuwa yupo. Wajumbe wawili wako ng'ambo mwaka wa tatu huu na hawajaleta udhuru hata wa salamu. Hivyo mezani hubaki wanne. Dakta Mkwizu ndiye wa tano.

Basi mwezi ule alihesabiwa yupo. Mwezi uliofuata nikasoma mahudhurio, nikafika kwenye jina lake, kalamu ikasita. Profesa akaniambia, "Udhuru ule ule, Mwandishi, unaendelea." Nikaandika. Tulipitisha chuo cha ualimu, daraja moja, na chanjo ya surua, vyote vya dunia jirani, kwa akidi ya Dakta Mkwizu.

Mkewe, Bi. Staraha, alianza kuja wiki ya kwanza tu. Ni mwanamke mrefu, mshonaji, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akiwa njiani. Aliketi kwenye benchi la mapokezi kila Jumanne na kila Alhamisi. Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu Dakta na mimi tulikunywa chai pamoja miaka yote hiyo, na yeye aliniita shemeji vilevile, hata baada ya kujua kwamba kidole kilichoonyesha mlango kilikuwa changu. Nilimwambia mwenyewe. Sijui nilitaka anisamehe au anitukane. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Shemeji," aliniambia, "mimi sitaki makubwa. Kama mume wangu yu hai, nimsubiri. Kama amekufa, nikae eda. Kati ya hayo mawili mnipe moja."

Nikapeleka ombi juu. Jibu likaja limeandikwa kwa mashine, lina muhuri: *Suala la mumeo liko kwenye mchakato.*

Alilisoma mara mbili, akalikunja, akalitia kwenye pochi ya sindano. "Eda ni miezi minne na siku kumi," akasema. "Huhesabiwa toka siku aliyokufa mtu. Mimi siwezi kuanza kuhesabu, sina pa kuanzia. Jirani zangu wananiuliza kwa nini nimevaa rangi. Nikivaa nyeupe wanauliza kwa nini nimemzika mtu aliye hai. Mwambie Profesa wako anichagulie nguo."

Sikumwambia. Niliona aibu, na nikainamia karatasi zangu kama nina shughuli.

Sasa Bi. Staraha hakuwa peke yake. Mwaka ule benchi za mapokezi katika ofisi nyingi zilikuwa na watu wa namna yake, na majina waliyouliza yalianza kuwa mengi. Ofisi ya Utulivu, wanakotoka watu waliopigwa pasi, ikatuandikia barua. Iliitaka Taasisi ifanye utafiti huru juu ya watu wanaodaiwa kupotea, na ilituambatishia matokeo ya utafiti huo ili tusisumbuke.

Profesa alifanya kazi ile kwa moyo wote. Kikao cha sita tangu ile Jumanne alisimama, akatoa leso ya pili, akasoma kile kinachoitwa sasa Hoja ya Kashinje.

"Ili mtu apotee, sharti kwanza awepo. Aliyepo, yupo mahali. Aliye mahali, hajapotea. Kwa hiyo hakuna mtu aliyepotea. Na mkisema fulani hayupo, basi hakuna fulani wa kusemwa. Mnatamka jina tupu, mdomo unafanya mazoezi. Ndugu wajumbe, tumekuwa tukilia juu ya makosa ya lugha."

Dakta Fausta Mbilu, mtaalamu wetu wa vitu na sifa zake, aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu viatu vyeusi vilivyokuwa chini ya meza kwenye chumba cha tatu, ambavyo watu wa daftari la mali walikuwa hawajui waviandike vya nani.

"Viatu gani?" Profesa akauliza.

"Hivyo vilivyopigwa rangi."

Profesa akafikiri. "Wewe mwenyewe umefundisha kwamba kitu ni fungu la sifa tu. Basi pale pana weusi, pana ngozi, pana namba arobaini na moja. Sifa hazihitaji mwenyewe. Andikeni: jozi moja, isiyo ya mtu."

Dakta Fausta akakubali kwa kichwa, na hakuinua tena macho mpaka mwisho. Ikapitishwa kwamba jina "Haruni Mkwizu" ni jina tupu, halikumrejelea mtu wakati wowote. Waliokubali, wanne. Waliopinga, hakuna. Kwa udhuru, mmoja. Akidi ilitimia.

Nilimaliza kuandika, nikausoma ule ukurasa. Juu palisomeka kwamba Dakta Mkwizu amehesabiwa yupo. Chini palisomeka kwamba hajawahi kuwepo. Mwandiko ulikuwa mmoja, wangu. Nilikwenda chumba cha tatu nikavichukua vile viatu, nikavifungia kwenye kabati la karatasi, nyuma ya wino. Vilikuwa na vumbi. Ilikuwa Jumatatu, nikavipiga rangi.

Kikao cha saba kilikuwa cha kuthibitisha kumbukumbu za kile cha sita, ili Hoja ipelekwe kwa Mheshimiwa ikiwa na saini. Ofisi ya Utulivu ilipendekeza aalikwe mdau mmoja, ionekane kwamba wananchi walishirikishwa. Wakamchagua Bi. Staraha, kwa sababu alikuwa karibu, pale benchini. Mmoja wa wale Wananchi wawili alikaa pembeni ya ukumbi, amepigwa pasi vizuri.

Nilisoma mahudhurio. Nikafika pale. "Dakta Haruni Mkwizu, kwa udhuru."

Bi. Staraha akanyoosha mkono. Profesa akatabasamu. "Mama, wadau huuliza mwisho."

"Naomba niulize hapa hapa, Profesa, nisije nikasahau. Udhuru wake ni upi?"

"Udhuru wa kawaida tu."

"Aliutoa kwa nani?"

Profesa akatoa leso ya tatu. "Mama, umeelezwa kwamba jina hilo ni tupu. Halina mtu."

"Nimeelezwa. Ndiyo maana nauliza. Jina tupu limetoaje udhuru?"

Mtu aliye nje ya mambo haya asingeona uzito wa swali hilo, lakini wajumbe wote waliuona mara moja. Kama udhuru haukupokelewa, wajumbe ni wanne, na vikao vyote saba ni batili. Hoja inaanguka, chuo kinaanguka, daraja linaanguka, hata chanjo, ambayo watoto walikuwa tayari wamechanjwa kwenye dunia jirani. Kama ulipokelewa, basi yuko mtu aliyeutoa, siku fulani, saa fulani, na yuko aliyemsikia.

Profesa alinigeukia. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuniuliza kitu isipokuwa chai.

"Mwandishi," akasema, "udhuru ulipokelewa, au haukupokelewa? Sema moja."

Nilikuwa na jibu. Nchi nzima inalo jibu hilo, lina hata muhuri. Nilifungua mdomo niseme kwamba suala hilo liko kwenye mchakato, na Mwananchi wa pembeni akaniangalia kwa wema, kama anayemsukuma mtoto darasani. Kisha nikamwona Bi. Staraha. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameishika ile tepu ya shingoni, kidole gumba kwenye namba fulani, kama mtu aliyepima kitu muda mrefu na anaogopa kupoteza kipimo.

"Ulipokelewa," nikasema. "Na mimi. Siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mapokezi. Alikuwa katikati ya wageni wawili walioingia saa nne na dakika tano, kitabu kipo. Alisema niandike nilichokiona. Sikuandika. Naomba kumbukumbu zirekebishwe."

Halafu Dakta Fausta akasema, akiwa bado anatazama meza, "Mimi nilisikia kandambili kwenye ngazi. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nikaufunga."

Nikaenda kabatini, nikarudi na viatu, nikaviweka mbele ya Bi. Staraha juu ya meza ya Baraza. Hakulia. Alivipindua akatazama soli, upande wa kulia ulioliwa zaidi, akapitisha kidole pale.

"Alitoka na kandambili," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Alikuwa anatembea mwenyewe?"

"Anatembea mwenyewe."

"Basi saa nne na ishirini alikuwa hai." Akainua uso, akawatazama wajumbe wanne, na yule wa pembeni. "Hapo nimepata pa kuanzia. Sasa niambieni saa nne na ishirini na moja."

Profesa aliahirisha kikao kwa sababu ya hali ya hewa, na nje jua lilikuwa linawaka. Bi. Staraha alitia viatu kwenye mfuko wa vitambaa, kisha akaniuliza kikao kijacho ni lini. Nikamwambia. Akasema atakuja.

Leo ndiyo siku yenyewe. Jana nililetewa barua kutoka Ofisi ya Utulivu, yenye lugha nzuri, ikinialika kwenye mazungumzo mafupi saa nne asubuhi, saa moja kabla ya kikao. Wamesema nisijisumbue na usafiri, watanifuata nyumbani.

Nimejifunza kazi yangu kwa kuchelewa, lakini nimejifunza. Mwenye udhuru huutoa kabla, huutoa kwa mtu anayejulikana, na hueleza alichokiona. Kwa hiyo nimeandika kurasa hizi, tangu bomba mpaka barua, na nimekata ule ukurasa wa kitabu cha wageni nikauambatisha. Kijana wa jirani anazisubiri mlango wa nyuma, azipeleke kwa Bi. Staraha, udhuru huu aupokee yeye. Jina langu ni Idrisa Chambuso, liandikwe kamili, na lisomwe kila kikao.

Sasa ni saa tatu na dakika hamsini. Gari limesimama nje. Nimevaa viatu.